Nakala Safi

Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi tangu ana nywele kichwani mpaka zikamwisha, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Bwana Stoo. Ukienda kwake kuazima nyundo, anakuuliza utairudisha saa ngapi. Kabatini soksi zake zimelala kwa rangi. Kopo lililobonyea halikai kwake hata siku moja: linapigwa alama, linatupwa, yamekwisha. "Mali bila daftari hupotea bila habari," ndiyo ilikuwa sala yake. Mtu wa namna hiyo hafai kuachiwa vitu vya marehemu, lakini nani angemwambia?

Marehemu mwenyewe alikuwa binti yake, mtoto wao wa pekee. Aliugua figo miaka miwili, akafia hapo hapo nyumbani, kwenye chumba cha uani chenye kitanda, meza na laptopu. Baada ya mazishi mama yake hakukanyaga tena chumba kile. Sukari ilikuwa imemla macho, amebakiwa na mwanga na vivuli tu, kwa hiyo alitembea akipapasa ukuta, na akifika usawa wa mlango ule anaongeza mwendo. Baba mtu, aliyestaafu muda mfupi baada ya msiba, alifanya kinyume. Aliingia, akakalia kiti cha mwanawe, akafungua laptopu, akashika kichwa.

Vitabu vilikuwa vimerundikana humo kama nguo chafu kwenye tenga. Riwaya zimechanganyika na majibu ya vipimo vya hospitali. Faili moja lina jina la mwandishi, jingine limeandikwa "hiki kizuri", jingine "usisome ukiwa na njaa". Na vingi viko viwili viwili, kitabu kile kile. Bwana Stoo hakuwahi kusoma riwaya maishani mwake, na wala sasa hakuwa na haja nazo. Alitaka kumfanyia mwanawe kitu, na kitu pekee alichokijua duniani ni kupanga.

Basi akapanga. Kila akimaliza chai ya asubuhi anajifungia humo mpaka mchana. Akatengeneza folda ya kila mwandishi, akatafuta picha za majalada yaliyokosekana, akafuta yale majina ya mzaha na kuandika majina kamili. Mara nyingine alijikuta analia huku anabofya, na tuseme ukweli, siku alizolia ndizo alizopanga vizuri zaidi. Alimpenda sana yule mtoto. Ila hakujua kuongea naye, na mtoto naye alikuwa amezoea kumwona akitoka alfajiri na kurudi amechoka.

Vile vilivyokuwa viwili viwili havikumsumbua. Alifungua nakala zote mbili, akalinganisha. Moja ni safi, nyeupe, kama imetoka kiwandani leo. Ya pili imepakwa njano karibu kila ukurasa, na pembeni ina vijisanduku vidogo ambavyo ukivibofya vinafunguka. Hakuvibofya. Stoo haibakizi mzigo uliochafuka wakati mzima upo. Akaacha safi, akafuta chafu, kitabu baada ya kitabu, kisha akamwaga na pipa la taka la kompyuta, maana mtunza stoo anayejiheshimu halali na takataka ndani.

Siku alipomaliza alisikia furaha kidogo, ya kwanza tangu msiba. Akamwita mkewe aliyekuwa jikoni.

"Mama, njoo. Nimemaliza kupanga vitabu vyake. Sasa hata mgeni akiingia anapata anachotaka."

Mkewe akasimama kizingitini muda mrefu, mkono kwenye fremu ya mlango. Halafu akaingia. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akapapasa shuka.

"Nifungulie kile cha mwenye nyumba mchoyo na wapangaji wake," akasema. "Nisomee. Lakini usome na maneno yetu."

"Maneno gani?"

"Ya pembeni. Wewe ulikuwa kazini, ya hapa ungeyajulia wapi? Yeye ananisomea, mimi nagombana na watu wa humo kitabuni, yeye anaandika ninayosema. Halafu na yeye anatia lake. Kila kitabu alikuwa anaweka na nakala nyingine isiyoguswa, anasema hiki chetu ni cha fujo. Sikuwa na ubavu wa kuyasikia, baba. Leo nimepiga moyo konde."

Bwana Stoo akafunika laptopu.

"Betri imeisha," akasema. "Tutasoma kesho."

Kesho yake aliibeba laptopu kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja mwenye miwani na kibanda kilichojaa nyaya.

"Mzee wangu, ulifuta tu, au ulimwaga na pipa?"

"Nilimwaga."

"Halafu?"

"Halafu nikaendelea kupanga. Nikaingiza majalada, nikanakili upya."

"Yaani ukaandika juu yake." Fundi alihangaika hata hivyo, akatumia programu moja na nyingine, yakatoka mabaki yasiyofunguka. "Hakuna nakala kwenye flashi?"

"Zilikuwepo. Nilizisafisha, nikaweka mpangilio mpya."

Fundi akavua miwani. "Mzee, watu huniletea kompyuta zimevurugika, naokota vitu humo. Wewe umesafisha vizuri mno."

Njiani kurudi shetani alimpa ushauri, na alikuwa na hali ya kuusikiliza. Mkewe haoni. Maandishi ya pembeni yapo au hayapo, atajuaje? Kitabu chenyewe kipo. Yeye asome, na mahali panapofaa achomeke neno. Si uongo wa kumdhuru mtu, ni wa kumfunika blanketi. Ndivyo alivyojiambia.

Wakakaa, yeye kwenye kiti, mkewe kitandani. Akasoma kwa sauti ya mtu anayekagua magunia, mpaka mwenye nyumba alipowakatia wapangaji maji kwa sababu mtoto wa mmoja wao kaimba uani. Hapo akakohoa.

"Pembeni hapa mmeandika: Mungu atamlipa."

"Nani kasema?"

"Wewe."

"Mimi?" Mkewe akatabasamu kidogo, akingoja. "Humu tulikuwa hatumwombei mtu, baba. Tulikuwa tunawatukana. Soma linalofuata."

"Huyu bwana... hana huruma."

Tabasamu likaondoka.

"Yako wapi?" akauliza.

Akamwambia yote. Alimwambia kwa lugha ya stoo kwa kuwa hakuwa na nyingine: vilikuwa viwili viwili, kimoja kizima, kimoja kimechafuka. Aliposema "kimechafuka" akasikia mwenyewe neno lilivyo.

Mkewe hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Ugonjwa ulipomchukua, sikuwa na wa kumlaumu," akasema. "Leo ninaye."

Bwana Stoo alitamani kupiga magoti, lakini magoti hayamrudishii mtu kitu. Akavuta kiti karibu na meza, akaweka vidole juu ya vitufe.

"Niambie mlichosema. Niambie neno kwa neno, nitaandika upya yote, hata ikichukua mwaka. Anza hapa hapa, alipokata maji."

Mkewe akageuza uso kwenye mwanga wa kioo cha laptopu.

"Alipokata maji nilimpa jina," akasema polepole. "Jina la ajabu. Mwanangu alicheka mpaka akapaliwa, nikamshika mgongo. Akaniambia, mama, ngoja, ngoja niandike kabla hatujasahau."

"Jina gani?"

"Nilimwita..."

Midomo yake ikachezacheza. Mkono ukapapasa shuka, ukaacha, ukapapasa tena. Mumewe hakuondoa vidole kwenye vitufe.

"Nimesahau," akasema.