Joka Lisilomhurumia Mdogo Wangu

Shujaa hakuwa na ngao.

Hakuwa na kofia ya chuma, hakuwa na dawa, hakuwa na pa kukimbilia.

Hakuwa na wenzake. Mmoja alikuwa majivu, mwingine alikuwa vipande viwili juu ya daraja.

Mkono wa kushoto nao hakuwa nao. Joka lilikuwa linautafuna.

Aliyekuwa anamwongoza shujaa huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja, aliyenusurika kiharusi. Na mimi ndiye niliyelileta joka.

Msinipigie polisi. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni mzee. Nimelinda maghala ya watu, shule ya jioni nimeingia nikiwa na mvi, na cheti changu kiko ukutani, hakina doa. Kwa hiyo mtu akinicheka kwamba mzee mzima nacheza michezo ya majoka, namwambia akasome kwanza kitabu cha sheria zake. Akikimaliza bila kuumwa kichwa, aje anicheke.

Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mmoja anasimulia safari na kuwaongoza maadui. Wengine kila mtu ana shujaa wake. Ukitaka kupiga, unarusha dadu yenye nyuso ishirini, nayo ndiyo inaamua.

Msimulizi ni mimi. Wachezaji ni mke wangu, jirani yetu fundi cherehani tunayemwita Pindo, na mdogo wangu, fundi wa kuchomelea aliyestaafu. Huyo tunamwita Chuma.

Tangu kiharusi kimpate, mkono wake wa kulia ni mzito. Siku moja alirusha dadu, akaiacha ilipoangukia, akanitazama.

"Kaka, tangu niugue, shujaa wangu ameshawahi kukatwa hata ukucha?"

"Una bahati."

"Bahati gani? Majitu yako yakifika kwangu yanateleza. Juzi jambazi ameniomba radhi!"

Mke wangu akacheka. Chuma hakucheka.

"Nyumbani nakatiwa nyama kama mtoto. Njiani watu wananishika kiwiko bila kuniuliza. Hapa nilidhani nitapumzika kuwa mgonjwa. Jumamosi niletee joka linaloweza kuniua. Ukinibembeleza tena, mezani kwako sirudi. Unanijua."

Namjua. Aliwahi kuacha kazi mchana kweupe, geti la watu likiwa nusu, kwa sababu msimamizi alimwita babu. Hakurudi hata kuchukua miwani yake ya kazi.

Na katika watoto wote wa mama yetu, tumebaki mimi na yeye.

Nikaingia kazini.

Wengi wakitunga joka hukosea palepale. Wanalilaza juu ya dhahabu kama paka aliyeshiba, linasubiri kuchinjwa. La kwangu nililiweka angani, juu ya korongo, na chini yake daraja la mawe la kupita mtu mmoja mmoja. Halitui mpaka bawa lichanike. Likishatema moto, kila zamu nalirushia dadu kuona kama moto umerudi, ili watu waishi na hofu ya kusubiri.

Halafu nikaliwekea sheria moja, nikaiandika kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani: JOKA HUMRUDIA ALIYELIUMIZA ZAIDI.

Kile kipande cha kadibodi nilichokuwa najifichia nikirusha dadu, nikakichana. Leo kila kitu hadharani.

Jumamosi mchana binti yake akamleta. Akanivuta pembeni mlangoni.

"Baba mkubwa, presha yake. Tafadhali, mwache ashinde tu."

"Nenda salama, mwanangu," nikamjibu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Tukaanza.

Pindo, ambaye shujaa wake ndiye tabibu wa kundi, akajifanya mwamba. Akalirushia mkuki, ukazama tumboni. Joka likageuza shingo, likamtemea. Ngozi ikajikunja kama karatasi kwenye jiko. Nywele, ndevu, mfuko wa dawa, vyote vikawaka pamoja. Alipoanguka magoti hakuwa na midomo ya kupigia kelele.

"Ngoja kwanza!" Pindo akapiga meza. "Hata salamu hatujapeana!"

"Umeshalisalimia kwa mkuki."

Mke wangu akavuta upinde. Mshale wa kwanza ukachana bawa, wa pili ukaliangusha. Joka likatua darajani kwa kishindo, mawe yakapasuka. Likamfyeka kwa mkia pale kiunoni. Miguu ilibaki imesimama kidogo, kama haijapewa taarifa.

"Mume wangu!"

"Leo mimi si mume wa mtu."

"Sawa. Joka litakupikia chakula cha jioni."

Muda wote huo Chuma anarusha shoka, anakosa. Anarusha, anakosa. Joka halimtazami. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Mbona halinigusi?"

"Soma ukuta. Hujaliumiza."

"Unanikwepa, kaka!"

"Shoka lako halijakwaruza hata gamba. Nifanyeje?"

Akaichukua fimbo yake, akasimama. Nikajua basi, ndiyo mwisho. Akausoma ukuta. Akausoma tena. Kisha akakaa.

"Basi naliumiza. Naitupa ngao, nashika shoka kwa mikono miwili."

Akarusha dadu kwa ule mkono mzito. Ishirini!

Shoka likaingia jichoni mpaka kwenye mpini. Jicho likapasuka, maji yake ya moto yakamwagika usoni kwa shujaa. Joka likapiga ukelele, likamgeukia, likaung'oa mkono wa kushoto begani kwa kuutikisa mara moja tu. Kofia ikaruka nayo. Chuma, kwa mkono uliobaki, akachomoa shoka, akalichana joka koo. Damu ikafurika daraja zima.

"Limekufa?"

"Bado. Linakoroma."

"Na mimi?"

"Umesimama kwa ubishi tu. Zamu yake sasa. Kumi na tano kwenda juu, umekufa. Chini ya hapo, umepona."

Nikarusha.

Dadu ikagonga kikombe, ikaruka, ikaanguka sakafuni nyuma ya kiti changu, mbele ya kabati la vyombo lenye milango ya kioo.

Hakuna aliyeinuka. Nikapiga magoti mimi mwenyewe.

Kumi na tano.

Nilipogeuza shingo, macho ya mke wangu yalikuwa yananisihi waziwazi. Nyuma yake nasikia pumzi za Chuma, nzito, za kukwaruza. Nikakumbuka presha. Nikamkumbuka binti yake. Neno "nne" lilikuwa tayari ulimini.

"Kumi na tano," nikasema. "Umekufa."

"Vipi?" akauliza Chuma.

"Vipi nini?"

"Nakufaje? Usinifupishie."

Basi nikamsimulia. Taya zikamfunga kifuani, mbavu zikavunjika moja baada ya nyingine. Likamwinua juu, likampigiza kwenye nguzo ya daraja, likampigiza tena. Alipoacha kupumua, shoka lilikuwa bado mkononi mwake, na joka likalazimika kuvitanua vidole kwa jino.

Chuma akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Mke wangu akakimbilia simu.

"Weka simu hiyo, shemeji!" Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka, anacheka. "Nimekufa! Umeona? Nimekufa kama watu!"

Akaninyooshea fimbo.

"Dadu niliiona kabla yako, kaka. Kwenye kioo cha kabati. Ungetaja namba nyingine, muda huu ningekuwa njiani."

Nikakaa palepale sakafuni.

Binti yake alipokuja kumchukua alimkuta bado anajifuta macho.

"Baba, umeshinda?"

"Nimetafunwa!"

Mlangoni akanigeukia. "Jumamosi ijayo nakaa kwenye kiti chako. Niandikie shujaa wako na udhaifu wake wote. Tuma kwa posta. Ukija kunieleza kwa mdomo utanilainisha."

Wasomaji wangu, nilichojifunza ni hiki. Mtu mzima ukimwonea huruma ambayo hakuiomba, unamtoa mezani huku bado amekaa.

Jumatatu nikachukua karatasi. Shujaa wangu nikamfanya mlinzi mzee. Nikaandika goti lake linalogoma kwenye ngazi. Nikaandika jicho la kulia lililoanza kuingia ukungu, jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Chini kabisa nikaandika: Usinihurumie.

Nikaikunja, nikailamba bahasha, nikaifunga kwa kuipiga ngumi. Kisha nikaenda posta kwa miguu, nikaitumbukiza.