Nakala ya Mizinga ya Baba

Nilitoka Dodoma kwa sababu mama alinipigia simu akasema, "Baba yako amesahau ulipo mzinga wa nyuki wa babu. Amezunguka porini mpaka jua limezama. Njoo, mwanangu, kabla hajasahau na mingine."

Kazi yangu ni kulinda kumbukumbu za benki. Kila kinachoandikwa kwenye diski za kompyuta kubwa pale ofisini, programu ninayoisimamia hukinakili papo hapo kwenye diski za jengo jingine, nje ya mji. Diski za kwanza haziendelei mpaka za pili zijibu kwamba zimepokea. Za kwanza zikiharibika, za pili huzirudishia kila kitu. Baba hakuwa na za pili.

Itigi nilikula wali maharage, nikapanda gari la Rungwa. Vumbi lilitufuata njia nzima. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba hatanitambua.

Jioni, Rungwa, nilimkuta uani akichonga kifuniko cha mzinga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekonda."

Alinitambua; "mama" ndivyo alivyoniita binti yake tangu utotoni. Nikakimbilia jikoni kulia. Mama akamwambia ni moshi.

Asubuhi tuliingia porini. Baba alifuata desturi aliyoachiwa na babu: hutajiwi mti wa pili wenye mzinga kabla hujaurudia wa kwanza kwa mdomo wako. Aligusa gome la mti uitwao mtundu, akasema, "Mtundu uliopinda, juu ya mbuga."

"Ndiyo, baba."

Hakusogea. "Ndiyo siyo mti."

"Mtundu uliopinda, juu ya mbuga."

Ndipo akatembea. Nilicheka kimoyomoyo, kumbe utaratibu wa diski zangu ulikuwapo nyumbani kwetu siku zote.

Siku ile aliyopotea alikuwa ameuendea mzinga wa babu moja kwa moja. Safari hii tulianza mwanzo, na kila mti ukamkumbusha unaofuata. Jua la mchana lilitukuta chini ya mzinga wenyewe, nyuki wakiingia na kutoka. "Mninga wenye kovu la radi, nyuma ya kisima," alisema. Nikarudia, nikamshika mkono.

Nilirudi Dodoma na chupa ya asali na pori zima kichwani. Nilijifunza kwamba kupokea nako ni kazi ya upendo.

Juzi simu iliita. "Mama," baba alisema taratibu, "mzinga wa babu uko wapi?"

"Mninga wenye kovu la radi, nyuma ya kisima."

 Nikangoja mpaka aliporudia maneno yale yale.