Nilikuwa nanunua sidiria kama mtu anayenunua mfuko, mpaka nikajifungia ndani

Wakuu, wengi wenu humu ni wa kuniamkia mimi, kwa hiyo naitikia kabisa kabla hamjaandika: marahaba.

Mjukuu wangu Rehema, aliyeko Dodoma, ndiye aliyeniwekea hili jukwaa kwenye simu ili nisome habari za dawa za mgongo. Nimesoma mwaka mzima nimenyamaza. Leo naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, na elimu yangu ni darasa la nne. Herufi zikikosewa ziacheni, jibuni hoja. Na kama kuna uongo humu, dagaa wangu wote wanyeshewe.

Habari ni ya sidiria. Wanaume msikimbie, na nyie mna mama zenu.

Nakaa Kibirizi, juu kidogo ya mwalo, ufukwe zinapofikia boti za uvuvi. Kazi yangu ni kuanika dagaa. Nimezaa saba, nimenyonyesha saba, na hakuna aliyelia njaa. Matiti yangu ni makubwa. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. La kushoto limezidi la kulia, na sikujua kama wanawake wengi wako hivyo, nilidhani ni mimi tu.

Asiyejua kuanika dagaa asikilize: ni kuinama. Unawamwaga, unawatandaza, jua likipanda unawageuza, wingu likitokea unawakusanya mbio. Bila sidiria, kila ukiinama matiti yanatangulia kufika mchangani. Jioni shingo inawaka moto, na chini ya matiti jasho limekula ngozi mpaka imekuwa kidonda.

Sasa mkono wangu wa kulia haufiki mgongoni. Niliteleza kwenye mawe ya ziwani, bega likatoka, likarudishwa vibaya. Naweza kubeba beseni kichwani, lakini kufunga kulabu za sidiria nyuma siwezi.

Marehemu mume wangu ndiye alikuwa ananifunga. Alikuwa fundi mitumbwi, vidole kama misumari. Kila asubuhi: "Geuka nikufunge, ng'ombe wangu, zizi limefunguka." Namtukana, anafunga, ananipiga kofi dogo la mgongo, basi siku imeanza.

Alipofariki nilikaa eda, na eda ilipoisha nikagundua sina wa kunifunga. Watoto wote wako mbali. Wanapiga simu, nashukuru, lakini simu haina mikono.

Nikaenda kwa jirani yangu Mama Tabu. Tumegawana ukuta mmoja na kazi yetu ni moja. Kila asubuhi nabisha hodi, nageuka, ananifunga, ananipa kikombe cha chai ya tangawizi, tunashuka wote mwaloni. Miaka miwili tulikuwa hivyo.

Halafu siku moja tuko kwenye chanja tunageuza dagaa, kina mama kama kumi, maneno yanaruka. Mama Tabu akasema kwa sauti ile yake ya kuita boti:

"Nyie mnalalamika kufunga magunia? Mimi kila asubuhi nafunga gunia la Bi Zuhura! Mpaka niweke goti mgongoni ndipo kulabu ifike!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka, maana mwaloni usipocheka unachekwa mara mbili.

Lakini kesho yake sikubisha hodi.

Nikajaribu kushuka bila sidiria, nimejifunga kitenge kifuani kwa nguvu. Saa nne kimelegea. Nikarudi nyumbani, na siku iliyofuata sikwenda. Mama Tabu akabisha, nikamjibu kwa ndani: "Nina homa." Kesho yake: "Bado homa." Siku ya tatu nikasema ni goti. Akaacha kuja.

Wakuu, mimi nina kiburi, najua. Mama yangu alikuwa nacho na bibi yangu alikuwa nacho, kwetu ni kama pua. Nilikaa ndani wiki nne. Nilikuwa nawasikia kina mama wakipita kushuka mwaloni asubuhi, wanacheka, na nazijua sauti zote, huyu fulani, huyu fulani. Kisha kimya. Nafagia pale nilipofagia jana. Napika ugali wa mtu mmoja unabaki. Siku nyingine ilifika adhuhuri sijatoa sauti hata moja, mpaka nikakohoa kusudi nijue kama koo lipo.

Na chanja yangu? Mwaloni nafasi isiyotumika haikai. Nilijua nikizidisha siku kidogo tu nitakuta mtu mwingine amemwaga dagaa wake pale, na mimi nitakuwa yule bibi wa nyumba ya juu ambaye zamani alikuwa anaanika. Hilo lilinitisha kuliko kidonda.

Rehema alipopiga nikamwambia nusu ya ukweli, kwamba sidiria zangu zimechakaa. Akasema, "Bibi, jipime. Zungusha futi chini ya matiti, halafu juu yake penye unene, unitajie namba." Akanitumia na picha.

Nikajipima. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nadhani wafanyabiashara wengi wa huku mtalijua.

Miaka arobaini sidiria yangu ilikuwa ndiyo mkoba wangu. Upande wa kulia simu. Kushoto funguo na leso. Katikati kichupa cha dawa ya kuchua. Mikono ina dagaa, pa kuweka vitu ni wapi? Sokoni sikuchagua sidiria kwa matiti, nilichagua kwa mzigo. Natumbukiza simu, ikiingia, basi inanifaa. Siku niliyojipima nilikuwa na sidiria ya zamani, kulabu wazi, nimeikaza kwa kitenge, vitu vyote viko humo humo, na juu nimevaa gauni. Sikuona kosa. Hivyo ndivyo ninavyoishi.

Nikamtajia namba, Rehema akanifanya nizirudie. Halafu akasema, "Sawa Bibi."

Sidiria aliyoninunulia ikaja kwa basi. Nyeupe, nzuri, ina maua. Mkanda wake ungemfunga mbuzi pamoja nami. Nikaifunga kulabu kwanza, nikaivalia kichwani, kisha nikaukunja mkanda mbele nikabana na pini. Rehema akapiga: "Imekukaa?" Nikamjibu imenikaa kama ya bi harusi. Angefanya nini? Angetuma nyingine, na mimi ningekuwa bibi wa kusumbua.

Pini ilifunguka nikiwa kwenye sijda. Sitaeleza zaidi.

Hapo nikaamua kwenda kujitafutia mwenyewe. Soko la Mwanga la hapa mjini sikuenda, pale kila muuza mitumba ananijua na maneno yangefika Kibirizi kabla yangu. Nikapanda gari la Kasulu nikashukia Kidahwe siku ya gulio. Huko hakuna anayenidai heshima wala kicheko.

Nikamkuta mama mmoja amemwaga sidiria kwenye turubai, rundo kama kilima. Mama wa Kirundi, mnene, amevaa kofia ya sufu na jua lile. Wateja wanamwita Mama Goreti. Nikaanza kuchambua kimya, naingiza mkono ndani ya kila moja kupima simu itakaa wapi.

Akanitazama, akatazama tena.

"Mukecuru, bibi, unatafuta sidiria au unatafuta kabati?"

Watu wakacheka. Nikataka kuondoka. Akanishika mkono, hakuniachia.

"Usikasirike, mama yangu. Njoo nyuma huku."

Nyuma ya kibanda chake kuna pazia la kitenge. Akasema, "Toa vitu." Nikatoa simu. "Toa." Nikatoa funguo, leso. "Toa vyote!" Nikatoa kichupa. Akavipanga juu ya gunia, akavitazama.

"Mawe, mama yangu! Na matiti yenyewe yanakaa wapi?"

Nikacheka, wakuu. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kinavyolia.

Akanipima kwa kamba, bila nguo, bila mzigo. Akaniletea sidiria ambayo mkanda wake niliuona ni wa msichana, ila vikombe vyake virefu. Nikamwambia, "Hiyo si yangu, mimi ni mtu mkubwa."

"Oya, hapana. Mgongo wako ni mdogo, matiti ndiyo makubwa. Wewe ulikuwa unavaa mgongo wa mtu mwingine."

Nikakumbuka mifereji iliyochimbika mabegani mwangu. Akaiona naye, akapitisha kidole.

"Hii ni kazi ya kamba. Kamba za mabega ni za kusaidia tu. Mkanda wa chini ndio unabeba. Mkanda ukiwa mpana kupita wewe, unapanda nyuma mpaka shingoni, na mbele kila kitu kinashuka."

Akanigeuza. Akafunga.

Hapa naandika polepole. Mikono yake ilikuwa na joto la jua. Akalaza mkanda, akaunyoosha kwa viganja viwili kutoka katikati ya mgongo kwenda ubavuni, kama mtu anavyonyoosha shuka. Machozi yakanitoka. Tangu niache kubisha hodi kwa Mama Tabu, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Wiki nne, hata mkono wa salamu.

"Nimekubana?" akauliza.

Nikasema, "Hapana. Endelea."

Nadhani alielewa, maana aliunyoosha tena na ulikuwa umeshanyooka.

Halafu akaanza kunifokea kazi. "Inama. Ingiza mkono, yavute yote ndani, na haya ya kwapani ni yako, usiyaache nje kama yatima. Simama. Inua mikono." Mkanda haukupanda. Vidole viwili vikapita chini yake, cha tatu kikakataa. Waya ukakaa kwenye mbavu, si juu ya titi. Katikati pakalala kifuani. Kikombe tukapima kwa titi la kushoto, lile kubwa, la kulia akalipunguzia kamba. Na akanionya nifunge kulabu za mwisho wa nje kwanza, sidiria ikilegea kwa kufuliwa nisogee ndani.

Nikamwambia, "Nzuri. Ila sina wa kunifunga."

Akacheka. "Nani ana wa kumfunga? Mimi mume alifia kambini, ukimbizini. Tazama."

Akavaa moja juu ya blauzi yake. Ameigeuza, kulabu ziko mbele tumboni, anaziona kwa macho yake, anazifunga. Halafu anaizungusha mpaka vikombe vinakuja mbele, anaipandisha, anaingiza mikono kwenye kamba. Kwisha.

Sikuwahi kulifikiria hilo. Umri huu! Nikajaribu, mara ya kwanza vikombe vikaishia mgongoni, akanizomea. Mara ya tatu ikakaa.

Kesho yake nikashuka mwaloni. Simu na funguo nimevifunga kwenye kibindo kiunoni, kama walivyofanya mama zetu.

"He! Bi Zuhura, umeolewa?"

"Bibi umerefuka!"

Nikawajibu wanaonitaka waje na posa. Nikafika kwenye chanja yangu. Ilikuwa na dagaa wa mtu. Nikauliza ni wa nani.

"Wangu," akasema Mama Tabu, bila kunitazama. "Nimekuwa nikimwaga hapo kidogo kidogo wasije wakaichukua." Akaanza kuwakusanya. Halafu akauliza, "Nani anakufunga siku hizi?"

"Nafunga mwenyewe."

"Haya."

Tukafanya kazi kutwa bega kwa bega. Nilikuwa nimejiandaa anicheke. Sikuwa nimejiandaa kwa ile "haya" yake.

Asubuhi iliyofuata nikavaa sidiria kabla maji hayajachemka. Nikakaa kitandani, nimemaliza, kifua kiko juu kama cha askari. Nasikia kijiko cha Mama Tabu kikigonga kikombe upande wa pili wa ukuta. Sina shida ya kunipeleka kwake tena. Nikafurahi kwa muda mfupi sana, halafu furaha ikaisha.

Nikatoka nikabisha hodi.

Akafungua, mkononi ana sufuria. "Zimekushinda hizo kulabu?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini?"

Wakuu, maisha yangu yote sijawahi kubisha mlango wa mtu bila shida mkononi. Nikaona aibu kama niko uchi.

Nikamwambia, "Nimekuja tu."

Akanitazama. Akasogea pembeni, nikapita.

Nilichojifunza ni hiki. Kina mama, jipimeni mkiwa hamjaficha kitu, na msidharau namba kwa sababu ni ndogo. Na mzazi wako akikwambia kwenye simu kwamba imemkaa vizuri, usimwamini haraka, siku ukienda mwambie ageuke uone.

Nyumba yangu bado kimya, sitadanganya, nimeapa kwa dagaa. Chai inaisha, mwalo unafungwa, narudi kwenye ugali wangu wa mtu mmoja. Ndiyo maana nimeandika marefu hivi.

Mnaokaa peke yenu, semeni hapa chini: zipu, kulabu, mgongo unaowasha, nyie mnafanyaje? Na kama huna la kusema, pita tu unisalimie. Niko macho, nasoma.