Mpiga Upinde Aliyengoja Langoni

Kwa majuma matatu mwanamke mwenye upinde alisimama kwenye lango la ngome yangu akiomba ruhusa ya kwenda zake, na kwa majuma hayo hayo mke wangu alikuwa akinisubiri nimjibu ombi linalofanana na hilo, mezani, jikoni na kwenye ngazi za nyumba yetu ya Nguba. Yule wa kwanza nilimjibu kwa kubonyeza kitufe. Wa pili nilimwambia kwamba bado nafikiri.

Ngome hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, shahada ya sosholojia ikining'inia ukutani, na kazi ya kuandika ripoti katika shirika dogo la maendeleo, nilipoanza kucheza mchezo ambao mwenzangu wa ofisini aliutia kwenye mashine yangu. Ni mchezo wa kuwa mtu mwingine. Unapewa mwili, upanga na nchi yenye wafalme na mazimwi, na kila unapokutana na mtu, majibu matatu au manne yanaandikwa chini kwenye kioo cha mashine nawe unachagua la kusema. Wenzako wa safari wanaweza kukupenda. Jibu linalompendeza mwenzako humwongezea moyo mwekundu kando ya sura yake. Mioyo ikitimia kumi, anakufuata hadi chumbani, na kioo kinafifia kwa adabu.

Nilikuwa hodari wa mapenzi hayo, na siri yangu ilikuwa ndogo. Kabla ya mazungumzo yoyote mazito nilihifadhi mchezo, yaani niliiagiza mashine ikumbuke pale nilipofika. Nikitoa neno baya na uso wake ukakunjamana, nilirudi nyuma nikasema lingine. Mpiga upinde wangu hakuwahi kusikia kosa langu hata moja. Alinipenda sana, nami nilijua kwamba anayempenda ni mtu aliyekwisha kusahihishwa.

Sitaki kudai kwamba nilikuwa napumzisha akili tu. Ofisini mkuu wangu alikuwa dada ambaye ningeweza kumfundisha chuo kikuu. Aliniita papa, yaani baba, kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo alinirudishia ripoti zangu nizifupishe. Nyumbani maji yalikuja yalipotaka. Lakini kwenye ngome wakulima walisimama nilipopita, na nilipoketi, mtu alinisomea mashauri ya nchi nzima nami nikayaamua kwa neno moja. Mtu huzoea haraka kuona watu wakisimama anapopita.

Mke wangu ni mkunga. Kwa miaka mingi amewafundisha wauguzi hapa mjini, na mwezi ule aliitwa kwenda Bunyakiri kuongoza nyumba ya uzazi iliyojengwa upya, kwa miaka miwili, akirudi nyumbani kila baada ya majuma matano au sita. Aliniambia tukichambua maharage. Hakuniuliza kama kazi ile anaiweza. Aliniuliza kama nitakwenda naye kwa baba yake mkubwa, kijijini Mumosho.

Lazima nieleze uzito wa swali hilo. Katika ukoo wake mke hahami na masanduku yake kimya kimya. Mume huenda naye kwa mkubwa wa familia na kuitangaza safari kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Mke akiondoka bila tangazo hilo, watu wa kwao huchukulia kwamba amefukuzwa, na shangazi huja juma hilo hilo kudai maelezo. Kwa hiyo bila mimi angeweza kwenda, lakini angekwenda kama mwanamke aliyeachika. Waliomwita walitaka jibu Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Nilimzungumzia njia ya Hombo inayokwenda kule, mvua, watu wenye bunduki. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu. Niliogopa kuwa mtu wa kubaki. Niliogopa mlango wa kanisa, ambako wangeniuliza maman, yaani mke wangu, yuko wapi huku wakiangalia kama kola ya shati langu imepigwa pasi. Zaidi ya hayo, na hili nililiona polepole, niliogopa kwamba kule angefaulu, akawa mtu ambaye wengine husimama anapoingia, kisha akarudi nyumbani kwa mwandishi wa ripoti.

Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani lingewezekana tu katika mji kama wetu, ambamo kila mtu aliyesoma amewahi kula mkate wa mashirika. Nilimwandikia mke wangu ripoti. Kurasa tatu, kwa Kifaransa, zilizochapwa kwa mashine ya ofisini: muktadha, faida, hatari, mapendekezo. Pendekezo la mwisho lilisema kwamba ni vema mashauriano yaendelee kati ya pande husika. Niliiweka kando ya sahani yake asubuhi, nikaenda kazini nikijiona mtu mwadilifu.

Jioni niliikuta juu ya mto wangu. Alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha mitihani ya wanafunzi wake. Chini kabisa aliandika: nne kwa ishirini, swali halikujibiwa, rudia.

Nilicheka. Alikuwa akipiga pasi, na hakuinua macho.

Katika majuma hayo ndipo mpiga upinde naye alipoanza maneno yake. Watu wake wa kaskazini walikuwa wamevamiwa, akataka kurudi kuwasaidia. Majibu yangu yalikuwa matatu: nenda, nakukataza, tutazungumza baadaye. La kwanza lingemwondoa ngomeni. La pili lingenipunguzia mioyo. La tatu halikunigharimu chochote, na kila siku nililichagua hilo, nikapita langoni kwenda kuua mazimwi, nikarudi, nikamkuta palepale.

Jumamosi, siku mbili kabla ya jibu kutakiwa, umeme ulirudi saa nane za mchana baada ya kukosekana siku mbili, nami nikaketi mbele ya mashine kabla hata friji haijaanza kunguruma vizuri. Mke wangu alikuja na beseni la nguo za kukunja, akaketi kando yangu. Hakuwa na desturi hiyo. Alikunja mashuka mawili, macho kwenye kioo.

"Uyu mwanamuke iko nangojea nini?" akauliza.

Nilimweleza. Nilieleza kirefu, nadhani, kwa sababu nilifurahi kuulizwa: vita vya kaskazini, mioyo kumi, yale majibu matatu. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mjamzito anayezunguka kwa maneno kabla ya kutaja maumivu yenyewe.

"Na ukimuambia ile ya tatu, ye anajibu nini?"

"Anasema sawa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Aliweka shuka chini, akakichukua kipanya cha kompyuta mkononi mwangu, akabonyeza. Mpiga upinde akainamisha kichwa: sawa, bwana wangu, nitangoja. Akabonyeza tena. Sawa, bwana wangu, nitangoja. Mara nne alimsemesha, na mara nne yule mwanamke akainamisha kichwa kwa pembe ile ile, sauti ile ile, nywele zikipeperushwa na upepo ule ule. Nilikuwa nimeyaona hayo siku ishirini bila kuona aibu.

"Papa," mke wangu akasema, "uyu hakupendi. Bamemufunga tu pa mulango."

Nilimwambia kwamba ni mchezo.

"Najua ni mchezo. Njo maana sisemi naye, nasema na wewe. Miye sitasimama pale. Kesho tunaenda Mumosho ao hatuende? Sema moya."

Nilitazama kioo. Nakiri kwamba nilitafuta chini yake yale majibu ya kuchagua. Hayakuwapo, na beseni la nguo lilikuwa kati yetu.

"Tunaenda," nikasema.

Aliniangalia kidogo, kisha akanipa ncha mbili za shuka nimsaidie kulikunja.

Baba yake mkubwa ni mwalimu mstaafu, mtu mrefu mwenye utani mkali, na ua wake unatazama bonde la Ruzizi. Siku hiyo aliketi na ndugu zake wawili na majirani wachache waliotoka misani, akatumiminia kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo hakuna jambo zito linalozungumzwa bila ya kuionja. Njia nzima, juu ya pikipiki, nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nilisimama, nikaeleza Bunyakiri, nyumba ya uzazi, miaka miwili. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo katika familia ile ndilo lenyewe:

"Mukwe, mutoto yetu anaenda kule mbali. Nani anamutuma?"

"Ni miye, muzee," nikajibu. "Miye njo nimemutuma."

Lilitoka lenyewe. Ndilo jibu ambalo wakwe wote hutoa, na nilihisi linavyoupendeza ua mzima. Vichwa vilitikisika, jirani mmoja akasema kwamba huyu ni mwanaume. Nilikuwa nimepata moyo mwekundu kutoka kwa kila mtu aliyekuwapo, isipokuwa mmoja. Mke wangu aliiweka glasi yake chini, taratibu, bila hasira. Uso wake ulikuwa ule anaouvaa akikuta kazi ya mwanafunzi iliyonakiliwa kwa jirani.

Kidole changu kilisogea juu ya goti. Sitii chumvi. Kilitafuta kitufe cha kurudi pale kabla ya swali, mzee akiwa bado anamimina. Palikuwa na jogoo, palikuwa na macho ya watu, na maneno yangu yalikuwa yameshaingia masikioni mwao, nisingeweza kuyatoa humo. Ningeweza tu kusema mengine juu yake.

"Muzee," nikasema, na bado nilikuwa nimesimama, "nimesema vibaya. Sikumutuma. Bamemuita sababu anajua kazi. Aliniuliza, na miye nikanyamaza majuma tatu. Nilikuwa na woga."

Mzee alinisogezea sikio lake linalosikia vizuri.

"Woga ya nini? Ya barabara?"

"Hapana. Ya kubakia."

Aliangua kicheko hadi kikawa kikohozi, na mmoja wa ndugu zake akampiga mgongoni. Alipopata pumzi alimgeukia mke wangu.

"Muliniambia huyu amesoma."

"Amesoma, papa," mke wangu akasema. "Anajibu polepole tu."

Walicheka tena, na katika kicheko hicho nilijua kwamba jambo limepita. Mzee alimjazia yeye glasi tena, kabla yangu, akasema aende, na kwamba siku atakapokuja mwenyewe Nguba kunitembelea nisithubutu kumpa chai na mkate, nijifunze kusonga ugali. Tangu siku hiyo ananiita mkwe mwoga, mbele ya watu, kwenye harusi na kwenye matanga. Nimeitika mara nyingi. Jina hilo bado linauma.

Mke wangu aliondoka siku kumi baadaye. Nilimbebea sanduku hadi kwenye gari. Nilitarajia kitu fulani wakati ule, sijui nini, labda sentensi ambayo ningeihifadhi. Gari lilipokuwa likiondoka aliteremsha kioo, akatoa kichwa, akaniambia kwamba ameacha maharage yamelowekwa na kwamba yasipopikwa leo yataharibika.

Sikwenda ofisini mchana huo. Nilibandika maharage jikoni, kisha nikaufungua mchezo. Mpiga upinde alikuwa langoni, akaanza maneno yake, nami nikachagua jibu la kwanza. Aliinamisha kichwa, akageuka, akaifuata njia ya kaskazini mpaka akawa nukta. Hakuna moyo ulioongezeka wala uliopungua. Kisha, na hili sijamwambia mtu, nilirudi nyuma mara tatu na kumwachilia tena mara tatu, nione kama atageuka kunitazama. Hakugeuka hata mara moja.

Niliizima mashine nikaenda kuangalia jikoni. Bunyakiri mtandao hupatikana saa za jioni, ukipatikana, na simu nilikuwa nimeiweka dirishani, mahali inaposhika vizuri zaidi. Nilisimama kando yake na mwiko mkononi, nikingoja apige, nikaketi, nikasimama tena.