Mama Alipopanda Treni ya Morogoro

Dada yangu anaishi Morogoro na mumewe na watoto wao, lakini ni muuguzi Dar es Salaam. Anakwenda kwa treni ya umeme asubuhi, anarudi nayo jioni. Alipomweleza mama hayo kwenye simu, mama aliuliza tu kama mvua imenyesha huko. Simu ilipokatika akanigeukia. Tulikuwa tumekaa kwenye migomba yetu, Ntobeye.

"Mwenzako ananificha jambo. Kule na kule kwa siku moja? Basi hata huku angefika."

Mwaka wa tatu ulikuwa unakatika bila dada kutia mguu nyumbani. Kahawa ilipokwisha kuvunwa, mama akasema twende tukamwone.

Tulipanda bodaboda hadi Ngara mjini, tukachukua basi. Msitu wa Biharamulo ulitupita umejaa ukungu, na tangu hapo safari yote naikumbuka kama kitu nilichosimuliwa: mawe ya Singida, vumbi jekundu, mama ameegemea kioo macho wazi.

Dada alitupokea kwa kicheko, kisha akalia, kisha akapika. Kesho yake alikuwa na zamu.

"Tunakwenda wote," mama akasema.

Treni iliondoka kimya. Milima ya Uluguru ikaanza kuteleza nyuma taratibu, kisha mashamba, kisha nyumba zilizokuwa bado na moshi wa asubuhi. Sikujua kama tunaokwenda ni sisi au ni nchi. Mama aliketi kama yuko kanisani, mikono mapajani.

"Haya, niambie. Unanificha nini?"

Dada hakujibu. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa amelala, kichwa kimeangukia bega la mama.

Mwanamke wa kiti cha pili akatabasamu. "Shikamoo, mama. Huyu hulala hapa kila siku. Tukikaribia Pugu, mimi ndiye ninayemwamsha."

"Marahaba. Kwani nyumbani halali?"

"Analala saa ngapi, mama? Watoto wadogo, na zamu zenyewe unazijua."

Mama hakuzijua. Alivua kitenge chake akamfunika dada, akaweka kiganja shavuni pake. Mto Ruvu ulipita chini yetu, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Nilipofungua kinywa nimwonyeshe, alinikazia macho. Tulipokaribia Pugu yule mwanamke akanyoosha mkono. Mama akausogeza polepole.

"Mwache, mwanangu. Mpaka mwisho."

Wiki yetu ilipokwisha nilirudi Ntobeye peke yangu. Mama alibaki Morogoro miezi minne, akiamka kabla ya wote kuwapikia wajukuu uji, ili dada apate usingizi kidogo zaidi.

Krismasi walikuja wote. Dada alilala siku mbili kitandani kwa mama, na majirani waliofika kumsalimia walipokelewa mlangoni.

"Amechoka," mama aliwaambia, akivuta pazia. "Njooni keshokutwa."