Mlolongo Nyuma ya Pascalia

Pascalia ni mjane wa ndugu yangu Barnaba, na kila nimwonapo akipita hapa Lurambi na jembe begani, naona fahari kwamba aliolewa kwetu.

Barnaba alipofariki, majirani walikuwa wameshaacha ujirani. Zamani mtu akifa, kuni zilifika kabla hujaomba, na vijana walichimba kaburi bila kuulizia chai. Siku hizi mfiwa hutajiwa bei ya hema kabla hajafuta machozi. Shemeji alizunguka kutwa akiazima sufuria za kupikia waombolezaji obusuma, ugali wetu. Matanga yalipokwisha, akasema hataki mwanamke mwingine azunguke hivyo. Akauza ndama, akanunua sufuria kubwa ya kwanza, na wengine wakachangia. Ndivyo chama kilivyoanza. Leo kina hema, viti na stoo, na ufunguo wa stoo aliuvaa yeye, mwenyekiti wa kwanza, shingoni kwa kamba ya katani.

Tulipoandika katiba ya chama, aliniuliza Wamarekani hufanyaje. Mimi shule niliachia darasa la nne. Mengine niliyaokota kwenye redio na magazeti ya kufungia nyama. Nikamweleza kwamba rais wao huchaguliwa mara mbili tu, kila muhula miaka minne. Mwanzoni haikuwa sheria, ilikuwa heshima. Rais wa kwanza alitoka baada ya mihula miwili, na waliofuata wakaona haya kumzidi. Baadaye mmoja akachaguliwa mara nne, ndipo wakaiandika.

"Kumbe hata huko heshima iliisha," Shemeji akasema. "Basi sisi tuandike mapema."

Mwaka huu mihula yake miwili ikaisha. Jumapili baada ya misa tukakusanyika uwanjani kuchagua kwa mlolongo, kila mtu akisimama nyuma ya anayemtaka. Mgombea alikuwa mmoja, Nekoye, mshonaji nguo wa Shieywe, naye alikuwa akitetemeka. Osundwa, yule mwenye bodaboda, akaenda kusimama nyuma ya Pascalia. Wengine wakamfuata. Punde mlolongo ukafika langoni, na Nekoye kabaki peke yake.

"Mimi sigombei!" Pascalia akafoka. "Mihula miwili, basi."

"Mama, hata Amerika maseneta wanazeekeanga kitini," Osundwa akajibu. "Wanachaguliwa tena na tena mpaka watembelee fimbo. Hakuna anayewahesabia."

Makofi yakapigwa. Mimi niliogopa. Katika kijiji jirani, mwenyekiti aliongezewa muhula kwa makofi kama hayo. Leo sufuria za chama zinapika katika hoteli ya mkewe. Shemeji angekubali, kazi yake yote ingekwenda njia hiyo.

"Osundwa, seneta ana wenzake tisini na tisa wa kumpinga," akasema. "Mimi huu ufunguo navaanga na nani?"

"Si tunakuamini, mama!"

"Mnaniamini mimi. Nikifa mtaamini nani, sufuria?"

"Hatutoki hapa nyuma yako," akasema mama mmoja.

"Kaeni."

Akavuka nyasi polepole, akaenda kusimama nyuma ya Nekoye. Mlolongo ukabaki bila kichwa. Osundwa akatazama mbele, hakuona mtu.

"Mheshimiwa Osundwa!" sauti ikatoka nyuma. "Tununulie soda!"

Vicheko vikalipuka. Osundwa akakimbia akajipanga nyuma ya Pascalia, na uwanja mzima ukamfuata. Shemeji akavua ufunguo, akamvika Nekoye.

Juzi kulikuwa na msiba upande wa Mukumu. Nilimkuta Shemeji mlangoni pa stoo, amesimama kama mwanachama yeyote.

"Mwenyekiti, naomba sufuria moja."

"Utairudisha lini, mama?" Nekoye akauliza, bila kutetemeka.

"Alhamisi, mwenyekiti."

Kando yangu kulikuwa na mgeni nisiyemjua. Nikamgusa bega, nikamwambia: "Huyo anayeomba sufuria ni shemeji yangu."