Walii Aliyeshuka Njiani

Hatibu bin Sefu alikuwa opareta wa sinema pale Shinyanga mjini, mwaka wa sabini na nne, na kama hukuwahi kuingia katika ukumbi ule enzi hizo basi umekosa, na hakuna wa kukurudishia. Watu walitoka mpaka Mwakitolyo kwa baiskeli kuja kuona picha za Kihindi za saa tatu nzima. Wakilia, wakicheka, wakipiga miluzi, mwenye kuwafanyia yote hayo ni Hatibu, amekaa juu katika kachumba chenye joto la tanuri, anachungulia kitundu kisichozidi ukubwa wa kitabu. Mwanga ulitoka hapo ukapita juu ya vichwa vya watu, na ndani yake moshi wa sigara na vumbi la pamba vilielea taratibu, kama vitu visivyo na haraka ya kufika popote.

Kazi ile ina siri yake, na si kila mtu anaijua. Picha moja ni rili nyingi, na mashine ni mbili. Rili ikikaribia kwisha, kwenye pembe ya juu ya picha hutokea doa jeusi. Wewe uliyelipa kiingilio hulioni, unamtazama mwimbaji. Opareta akiliona ana sekunde saba tu, anawasha mashine ya pili. Akizichezea hizo, ukuta unabaki mweupe na viti vinaanza kurushwa.

Hatibu hakuwahi kuyakosa madoa ya filamu. Aliyokuwa akiyakosa ni ya kwake mwenyewe.

Maana huyu bwana alikuwa na maradhi. Usicheke mapema. Wapo wanaume wanaopenda wanawake, hao ni wengi na wengine tunakula nao sinia moja, lakini Hatibu hakuwa anapenda. Alikuwa anakwenda. Akiona kisigino kimepakwa hina kinapita mlangoni, miguu yake inaondoka, na yeye anaifuata nyuma kama mtu anayefuata ng'ombe wake aliyekatika kamba. Baadaye hukaa pembeni mwa kitanda kisicho chake, anahesabu miti ya dari, hata jina la mwenye nyumba limeshamtoka. Aliwahi kula kiapo msikitini. Aliwahi kwenda kwa mganga akafungwa kamba nyeusi kiunoni. Kamba ilikuwepo hadi mwaka huo, na wanawake kadhaa wa Shinyanga wangeweza kukueleza ilivyosokotwa.

Ndugu yake hapa duniani alikuwa mmoja, Zuleha, mdogo wake, anayeshona mito na kufuma vitambaa kule Kagongwa katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Baba yao alifariki zamani. Na kwa Waislamu binti haozwi hivihivi. Walii wake ndiye anayetoa neno, na baba akiwa hayupo neno hilo ni la kaka. Miaka miwili nyuma Zuleha alipata mchumba wa Nzega. Siku ya ndoa mikeka ikatandikwa, ubani ukafukizwa, wakamngoja Hatibu tangu adhuhuri. Mwalimu Majaliwa wa madrasa alisema ndoa inaweza kufungwa kwa njia nyingine, lakini mama yao akakataa katakata: mwanangu ana kaka, hataozwa kama mtoto aliyeokotwa. Basi wakangoja. Jua lilipozama, mjomba wa bwana harusi akaukunja mkeka wao na wote wakaondoka. Hatibu alikuwa Kahama kwa mwuza maandazi mmoja, na hakujua kama siku imekwisha. Mama akafa mwaka uliofuata, hajamwozesha binti yake.

Sasa Zuleha amepata mwingine, Shaaban, mfanyabiashara wa mpunga, mtu mpole mwenye kigugumizi kidogo. Ndoa ni Ijumaa, baada ya alasiri. Siku ya Alhamisi asubuhi Zuleha akashuka treni Shinyanga, akaenda hadi chumbani kwa kaka yake, akakuta mlango umefungwa na sauti mbili ndani. Akakaa kizingitini, akatoa kitambaa chake, akafuma. Alipomaliza petali tatu za ua, mwanamke akatoka akijifunga khanga vizuri, akamruka na kwenda zake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umefika sasa hivi?"

"Nilipofika mlikuwa bado mnazungumza."

Hatibu akamkaribisha, akavuta shuka, akatafuta kikombe kisicho na ufa asikipate. Kabla Zuleha hajanywa akasema lililomleta, macho yake kwenye ile sindano ya kufumia.

"Sikuja kukuita. Nimekuja kukuomba usije."

"Nisije wapi?"

"Harusini. Mwalimu amenieleza, walii anaweza kumpa mtu mwingine uwakili wake. Unatamka tu, mbele ya watu wawili, kwamba Mwalimu Majaliwa ataniozesha kwa niaba yako. Basi. Halafu wewe utabaki huku na sinema yako, na mimi nitakaa kule bila kutazama barabara."

Hatibu alihisi kama kapigwa na ubao. "Zuleha, hilo neno ndilo pekee nililoachiwa na baba. Nikilitoa nitabaki nani?"

"Opareta wa sinema."

"Nitakuja. Kesho tunapanda wote, nakaa ubavuni kwako. Ukitaka nifunge kamba."

"Kamba unayo kiunoni, kaka. Tumeona kazi yake."

Mwisho Zuleha akaliacha, maana kaka ni kaka na kumlazimisha hawezi. Mchana ule alikaa ukumbini kwenye onyesho la saa kumi, kiti cha nyuma, na Hatibu juu kwenye kitundu chake akatazama kichwa kimoja tu kati ya vichwa vyote. Rili zote zilibadilika salama. Akajisifu moyoni. Tatizo la kujisifu ni kwamba kunatia usingizi.

Ijumaa asubuhi wakapanda treni ya kwenda Isaka, stesheni ya watu wa Kagongwa. Hatibu alikuwa amevaa kanzu juu ya suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, na miguuni viatu vya raizoni, soli ndefu kama tofali, anatembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Behewa la daraja la tatu lilikuwa na watu, kuku na magunia. Mbele yao walikaa wazee wawili wenye kofia, wauza chumvi. Dirishani nchi ya Usukuma ilipita polepole, majabali yamepangana, mashamba ya pamba yamevunwa, ng'ombe wamesimama kama waliochorwa. Zuleha akafuma. Mtikisiko wa treni ukawafanya watu wote watikise vichwa kwa pamoja, kama wanaokubaliana na jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Hapo ndipo akapita mwanamke. Alikuwa anaelekea mlangoni na kapu lake kubwa, mwanamke wa Ushirombo kwa jinsi alivyofunga kitambaa, rozari shingoni. Akamgonga Hatibu begani bahati mbaya.

"Nisamehe baba. Stesheni inayokuja ni ndogo, treni haisimami sana, na kapu lenyewe zito."

Akalivuta kapu lake mbele. Lakini Hatibu akasikia harufu ya sabuni na jasho la mtu aliyeamka mapema, na dunia ikaanza kupungua sauti. Magurudumu yakawa mbali. Kuku wakawa mbali. Na pale, kwenye pembe ya juu ya dirisha, angeapa kwamba aliona doa jeusi, limewaka na kuzimika.

Labda lilikuwa inzi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yake thelathini na minne kuliona kabla ukuta haujawa mweupe.

Sekunde saba. Akamgeukia mdogo wake. "Zuleha. Waite hao wazee wanisikilize."

"Kuna nini?"

"Waite sasa."

Zuleha akamtazama usoni, akatazama mlangoni, akaelewa. Akawagusa wazee magoti. Na Hatibu bin Sefu, huku miguu yake imeshasimama, akasema kwa haraka kama mtoto anayesoma ubao kabla haujafutwa: "Wazee wangu, mashahidi nyinyi. Mimi Hatibu bin Sefu nimempa uwakili Mwalimu Majaliwa wa Kagongwa amwoze dada yangu Zuleha binti Sefu kwa Shaaban bin Omari, leo, kwa mahari waliyokubaliana."

"Tumesikia," mzee mmoja akasema. "Kwani wewe unakwenda wapi?"

"Kumshushia mtu kapu."

Zuleha hakulia wala hakumshika kanzu. Alirudisha macho kwenye kitambaa, akakosa tundu la sindano mara mbili. Breki zikapiga kelele, Hatibu akashuka na kapu, na alipogeuka, behewa la mwisho lilikuwa linampita.

Na yule mwanamke? Alikuwa anangojwa na mume wake mwenye baiskeli na watoto watatu wamepangwa kwa kimo. "Salvina, umefika," mume akasema. Wakafunga kapu kwenye kerea ya baiskeli, wakamwombea Hatibu baraka za Mungu, wakaondoka kwa kijia kati ya minyaa. Akabaki yeye, bendera ya stesheni, na reli inayong'aa mpaka inapoyeyuka.

Gari jingine hakuna mpaka kesho. Angeweza kukaa kivulini, ndivyo alivyozoea kufanya baada ya mambo kwisha. Lakini safari hii kulikuwa na kitu hakijakwisha, na hakukijua jina. Akaanza kutembea juu ya reli kuelekea Isaka.

Kutembea na raizoni juu ya mataruma, yale magogo ya reli, ni elimu ya peke yake. Hatua ndogo hazitoshi, kubwa zinazidi. Maili ya pili kisigino cha kulia kikang'oka, akawa mrefu upande mmoja. Maili ya tatu akavua vyote akavibeba. Mataruma yakapita chini yake moja moja, meusi, yamelingana, nafasi na taruma, nafasi na taruma, mpaka akaona ni mkanda wa filamu umelazwa chini, na kila picha ni Zuleha: Zuleha mdogo kamshika kanzu sokoni, Zuleha kakaa na hina mikononi anangoja jua lizame, Zuleha kizingitini anafuma. Joto lilipanda kutoka kwenye kokoto na mbali mbele kulikuwa na ziwa ambalo halikuwepo. Mama yake alikuwa anatembea ukingoni mwa lile ziwa na mkeka umekunjwa kwapani. 

Karibu na Isaka binti mmoja kisimani akamwona anayumba, akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, njoo unywe." Akanywa kata mbili. Akashukuru, akaondoka bila kumwuliza jina wala kwao. Usimpigie makofi, alikuwa amechoka. Hata hivyo ilitokea, na iandikwe.

Kagongwa alifika jua limeanza kulala. Ndoa ilikuwa imeshafungwa. Sinia za pilau zilikuwa zimebaki mifupa, na Mwalimu Majaliwa alikaa barazani na kilemba kipya, kile ambacho kwa desturi ni cha walii. Mwalimu alipomwona akakishika akitaka kukivua.

"Kiache mwalimu," Hatibu akasema. "Kimekukaa."

Ndani, Zuleha alikuwa nyuma ya pazia na shoga zake. Akawaomba watoke. Alimtazama kaka yake kuanzia vumbi la kichwani mpaka kwenye nyayo zilizotoka malengelenge, na raizoni mkononi, kimoja bila kisigino.

"Umetembea kutoka pale?"

"Walinicheka?"

"Wale wauza chumvi walikuja wakashuhudia. Mwalimu aliulizwa anaoza kwa idhini ya nani. Akasema kwa idhini ya kaka yake, Hatibu bin Sefu. Jina lako likatajwa mara tatu, nikilisikia." Akamvutia mkeka akae. "Na sikutazama barabara hata mara moja, kaka. Nilikaa nimetulia."

Hatibu akakaa, akainua mguu mmoja. Akasema, "Nyayo zinawaka."

Bakuli la hina lilikuwa bado pale, imebaki chini. Zuleha akaichota kwa vidole, akavuta mguu wa kaka yake, akaanza kumpaka nyayoni, nene, baridi, kama wanavyopakwa watu wenye joto la miguu tangu zamani. Nje ngoma ilianza, na wanawake wakacheka wote kwa mpigo, na khanga zikapita dirishani moja baada ya nyingine. Miguu ya Hatibu ikashtuka.

"Ukisimama inaharibika," Zuleha akasema, mkono wake bado juu ya kifundo. "Mpaka ikauke. Saa tatu."

"Saa tatu ni picha nzima."

"Basi itazame."

Akajiegemeza ukutani. Dada yake akachukua kitambaa chake, akatafuta tundu la sindano, akalipata. Hina ilikuwa inakaza polepole kwenye nyayo, na kaka mtu akabaki amekaa.